Dokta, Utamchua?

Swali ninaloulizwa mara nyingi nikiingia nyumba za watu, kabla sijamaliza hata kuvua viatu, ni kama nitamchua mgonjwa. Mafuta ya nazi yameshapashwa moto, kanga kuukuu imetandikwa juu ya mkeka, na mama mwenye nyumba anaipima mikono yangu kwa macho kuona kama ina nguvu. Nikisema leo tutajifunza kuinuka kwenye kiti, anamgeukia mwanawe aliyeniita. Hela yote hii, kuinuka kwenye kiti?

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Asubuhi niko hospitali, jioni na Jumamosi nazunguka majumbani: Tandika, Tabata, Magomeni, mara mojamoja Kigamboni siku ambayo foleni ya feri haijanikatisha tamaa. Wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi na wa migongo. Ila lipo kundi dogo ambalo narudi nyumbani nikiwa bado naliwaza: watu ambao misuli yao ni mizima, mifupa yao ni mizima, lakini ubongo umepoteza namna ya kuuendesha mwili. Wengi wao wana ugonjwa wa Parkinson. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu nimechoka kuwakuta wanachuliwa tu.

Sina ugomvi na kuchua. Mwili wa mwenye Parkinson hukakamaa, na bega linaweza kuuma kiasi kwamba mtu anahangaika na matibabu ya bega muda mrefu kabla hajatokea wa kugundua kuwa mkono huohuo hauchezi anapotembea. Mkono wa joto ukipita pale, mtu anapumua, anatabasamu, usiku analala. Kesho yake asubuhi anaamka na mwili uleule. Wanaodai mashine nao ni hivyohivyo. Kuna imani hapa mjini kwamba tiba ya kweli lazima iwe na waya, na mtoto akiwa nje ya nchi ndiyo hatari zaidi: nimekuta sebule moja ina kiti cha kukanda mwili kilichotumwa kwa meli, kinaunguruma kutwa nzima, na mzee mwenyewe hawezi kuinuka kutoka humo bila watu wawili.

Tatizo liko juu, kichwani. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na katika Parkinson seli hizo hufa polepole. Dalili zinapoonekana waziwazi, sehemu kubwa imeshakwenda. Dopamini inahusika sana na mambo tunayoyafanya bila kuyafikiria: kupepesa macho, kuchezesha mikono njiani, kugeuka kitandani ukiwa usingizini, kufunga vifungo vya shati huku unapiga soga. Hayo ndiyo yanayoondoka kwanza. Nguvu haijaondoka. Barabara ya Mandela ikifunga jioni pale Buguruni, dereva mjanja anakata mitaa ya ndani. Atafika, ila kila kona itamdai akili yake yote. Kazi yangu kwa hawa watu ni kuwatafutia mitaa ya ndani. Mwendo uliokuwa unajiendesha wenyewe sasa uendeshwe kwa makusudi, kwa jicho, kwa sikio, kwa hesabu.

Ndiyo maana wanafamilia wengi huamini mgonjwa anadeka. Mzee anaganda mlangoni mwa chumba chake, miguu kama imegandishwa na saruji, halafu akifika kwenye ngazi za ghorofa Kariakoo anazipanda moja baada ya nyingine bila shida. "Sasa huyu si anatuchezea akili, dokta?" Hapana, mama. Kila kidato cha ngazi kina ukingo, na ukingo ni alama: jicho linauona, mguu unajua pa kwenda. Sakafu tupu haimwambii mguu kitu.

Nina mzee mmoja Tandika, fundi cherehani, ambaye alinieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. Siku ile nilimkuta amekaa barazani, uso umetulia kama wa mtu aliyekasirika, ingawa hakuwa na hasira. Ugonjwa huu huilaza misuli ya uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo miguu imegoma."

"Na cherehani?"

"Cherehani haigomi."

Akaniambia nimsogeze. Akaweka miguu kwenye pedeli na cherehani ikaanza kulia, sawasawa, bila kusita, miguu ileile iliyokuwa imeshindwa kuvuka kizingiti nusu saa iliyopita. Sikushangaa sana, maana mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha habari ya mwanaume wa miaka 58 ambaye hakuweza kutembea hatua chache bila kuganda na kuanguka, lakini akipandishwa baiskeli anaendesha kama kijana. Kuisoma habari hiyo ni jambo moja, kumwona fundi wa Tandika akishona mkono wa shati ni jambo jingine. Pedeli ina mdundo wake, na mguu mmoja ukishuka unauita mwenzake.

Basi tukaanza na mdundo ule. Binti yake alipiga makofi kwa kasi ya cherehani, mzee akahesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, tukatoka barazani hadi mlangoni. Kasi haichaguliwi ovyo. Kwanza namwacha mtu atembee nikihesabu hatua zake kwa dakika, ndipo natafuta mdundo unaolingana naye. Kwa wale wanaoganda naupunguza kidogo, kwa wale wasioganda naweza kuuongeza. Wengine makofi yanawachosha, wanataka muziki. Dansi la zamani linafaa kwa sababu ngoma yake iko wazi na haibadilikibadiliki. Taarabu ni nzuri kwa moyo lakini wengi wanaishia kusimama kusikiliza maneno.

Pale kizingitini tulibandika vipande vya selotepu nyeupe sakafuni, vimepangwa kwa umbali wa hatua yake nzuri, avuke mstari mmoja baada ya mwingine. Wiki iliyofuata nikaambiwa majirani wameuliza ni mganga gani aliyekuja kuweka kinga mlangoni. Binti akawajibu kuwa ndiyo, ni mganga, na mistari isikanyagwe na watoto. Sikumpinga. Selotepu ilikaa salama mpaka leo.

Linalonisumbua zaidi ni kuvutwa mkono. Mzee akiganda, mtu wa karibu humshika kiganja na kumvuta mbele, kwa upendo kabisa. Kifua kinakwenda, miguu inabaki, na hapo ndipo mfupa wa nyonga unapovunjika. Nikiwa katika nyumba ya watu, mtu wa kwanza kumfundisha ni huyo mvutaji. Namsimamisha ubavuni, si mbele. Namwambia akiona miguu imekwama, anyamaze kwanza. Mgonjwa asimame kabisa, aache kuhangaika, anyooshe mgongo, ahamishie uzito mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena, halafu atupe hatua moja kubwa. Inachukua sekunde chache. Kwa mtu mwenye haraka sekunde hizo ni kama mwaka, na Dar es Salaam kila mtu ana haraka.

Kunyamaza nakusisitiza mpaka watu wananiona mkorofi. Mtu anayetembea kwa makusudi hana akili ya akiba ya kujibu maswali. Mjukuu akimuuliza babu njiani "babu, simu yangu umeiona?", babu anaanza kuitafuta simu kichwani na miguu inasahaulika. Aulizwe akishakaa. Vivyo hivyo kubeba kikombe cha chai huku anatembea: kimoja kitamwagika, chai au yeye.

Jambo jingine ambalo watu hulielewa vibaya ni ukubwa wa hatua. Ubongo wa mwenye Parkinson hupima vibaya. Yeye anaamini ametupa hatua ya kawaida, kumbe ameburuta mguu kiasi cha kiganja. Anaamini anaongea kwa sauti, kumbe mkewe chumba cha pili hasikii kitu. Ukimwambia "tembea vizuri" atakuambia ndivyo anavyotembea. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kuzidisha: mikono ifunguke mpaka aone haya, hatua iwe kubwa mpaka ahisi anaigiza gwaride la Uhuru, na ukimwangalia wewe wa nje unaona mtu anayetembea kawaida tu. Kuna programu maarufu ya namna hii, LSVT BIG, iliyotokana na nyingine ya sauti iliyoanzia Marekani miaka ya 1980. Inataka saa nzima, mara nne kwa wiki, kwa wiki nne. Ni nzuri, ushahidi wake ni mzuri, na kwa mgonjwa wangu wa Mbagala ni ndoto. Nani atamlipia bajaji ya kwenda na kurudi mara nne kwa wiki? Ninachofanya ni kuja mara moja, kumfundisha mtu mmoja wa nyumbani kwa ukali, na kuyapachika mazoezi ndani ya mambo ambayo lazima yafanyike: kuanika nguo kwa mikono iliyonyooka juu, kufagia kwa mkupuo mrefu, kuingia sebuleni kwa hatua tano zisizozidi. Haifikii ile programu. Inafanyika, ingawa.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Vitabu vyangu viliandikwa na watu wanaofikiria kapeti na bafu la kukaa. Mimi nakutana na mkeka, kigoda, choo cha kuchuchumaa na chandarua. Chandarua ni mtego wa usiku: mtu anaamka kwenda haja ndogo, mwili umekakamaa kwa sababu dawa ya jioni imekwisha nguvu, miguu inajiviringisha humo, na presha yake hushuka akisimama ghafla. Tunakubaliana chandarua kifunguliwe upande mmoja unaojulikana, kiti kizito kiwe pale, akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kipite. Ndala naziondoa mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe. Mguu unaoburuta na ndala havikai nyumba moja. Anahitaji kiatu kinachoshika kisigino, na soli isiyong'ang'ania sakafu kupita kiasi. Kanga iliyobanwa sana na msuli mrefu nao hukata hatua. Kina mama hunicheka nikiwaambia waifunge juu kidogo ya vifundo, lakini wanaifunga.

Kwenye kiti, mafunzo ni yaleyale kila nyumba na sijachoka kuyarudia. Sogea mpaka ukingoni. Rudisha miguu nyuma, chini ya magoti. Inama, pua ipite vidole vya miguu. Hapo ndipo unasukuma kwenda juu. Wengi wanajaribu kusimama wakiwa wameegemea nyuma, wanarudi kitini kwa kishindo, wanaona miguu imekufa. Kugeuka ni hivyohivyo: si kujizungusha papo hapo kwa mguu mmoja, ni kuzunguka kwa duara pana kama lori linalotafuta nafasi. Jikoni penye mita moja na nusu hilo duara halipo, kwa hiyo tunahamisha meza.

Swala ni suala ambalo sikufundishwa popote. Mzee wa Magomeni aliyeswali msikitini maisha yake yote aliacha kwenda swala ya jamaa, si kwa sababu ya kutetemeka, ila kwa sababu kuinuka kutoka sujudu kulimchukua muda na safu ya nyuma ilikuwa inamsubiri. Dini imemruhusu kuswali ameketi, alijua hivyo kuliko mimi. Hakutaka. Tukavunjavunja kile kitendo vipande vipande: viganja sakafuni, kupiga magoti, mguu mmoja mbele, mikono juu ya goti lile, pua mbele, juu. Tulikifanya nyumbani mpaka kikawa na hesabu yake. Sasa anaswali Alfajiri msikitini kwa kuinuka, ambapo watu ni wachache, na Ijumaa anachukua kiti. Huo mpango ni wake mwenyewe, mimi nilichangia goti tu.

Mji nao una alama zake. Daladala ni mtihani mgumu: mlango mwembamba, kidato cha juu, kondakta anayegonga bati na kusema "twende, mzee, twende", yaani kila kinachomgandisha mtu kimewekwa mahali pamoja. Mwendokasi, tangu uanze mwaka 2016, una afadhali kwa sababu jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi. Tatizo ni ule mwanya na umati wa saa kumi na moja. Namfundisha mtu asiuangalie mwanya, aangalie nguzo ndani ya basi, na asafiri saa nne asubuhi. Bajaji ni rahisi ukiingia kinyumenyume: kaa kwanza, miguu ifuate. Vile vifaa vya chuma vya kutembelea visivyo na magurudumu, vinavyouzwa kila duka la vifaa tiba, mara nyingi vinamharibia mtu anayeganda, kwa sababu kila kukiinua ni kusimama na kuanza upya, na kuanza ndiko kunakomshinda. Afadhali chenye magurudumu na breki. Ndiyo, najua barabara yenu ni mchanga. Basi kitumike ndani.

Haya yote hayana maana bila dawa. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ilianza kutumika kwa mafanikio miaka ya 1960 na hadi leo hakuna iliyoipiku. Nikija wakati dawa haijamkolea mgonjwa, nafanya kazi na gogo. Nikija saa moja baada ya kidonge, nafanya kazi na mtu. Kwa hiyo ratiba yangu inafuata saa ya dawa. Kidonge hiki hushindana na protini kuingia mwilini, kwa hiyo nauliza pia kilimezwa lini: ukikimeza pamoja na sahani ya nyama na maharage, sehemu yake inachelewa au haifiki. Karibu nusu saa kabla ya kula ndiyo kawaida, na daktari wako ndiye wa kupanga. Kinapokosekana duka moja la dawa, familia hukaa siku kadhaa "wakisikilizia", na mimi nalaumiwa kuwa mazoezi yameacha kufanya kazi.

Upupu nao nimeulizwa. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa ya asili, si uzushi wa mitandao. Lakini kiasi chake hubadilika mbegu hadi mbegu, na mtu anayekunywa unga huo juu ya vidonge vyake anaweza kuanza kutapika au kurukaruka mwili mzima. Wanaonificha ndio wanaonitisha.

Wengi, hata hivyo, hawajafika kwenye kidonge. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha watu 33 wenye Parkinson kati ya wakazi wapatao 161,000. Asilimia 78 yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa huo. Si ugonjwa unaojificha. James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika mwaka 1817, alieleza watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani. Mimi pia nawaona, kituoni Mnazi Mmoja: mkono mmoja umeganda ubavuni, vidole vinasugua kidonge kisichokuwepo. Nyumbani wanaambiwa ni uzee, au wamerogwa. Ila si kila anayetetemeka ana Parkinson. Wapo wanaotetemeka wakishika kijiko na kutulia wakipumzika, na huo ni ugonjwa mwingine. Wapo waliokakamaa kwa sababu ya dawa, mfano haloperidol ya magonjwa ya akili, au metoclopramide ya kuzuia kutapika ikitumika muda mrefu. Kwa hao hatua ya kwanza ni daktari kuipitia ile orodha ya dawa.

Wazee wakiona haya, nawatajia Muhammad Ali. Wanamkumbuka: alikuja Dar Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kuomba Olimpiki ya Moscow isusiwe, na Mwalimu Nyerere akakataa kumwona. Mwaka 1984 akagundulika na ugonjwa huu, na mwaka 1996 akauwasha moto wa Olimpiki Atlanta mkono ukimtetemeka mbele ya dunia nzima. "Yule ni ngumi zilimharibu," alinijibu fundi wangu. "Mimi nimepigana na nani?" Nikampa mto aupige. Kupiga ngumi hewani na kwenye mto ni zoezi zuri, lina hatua, lina kugeuka, lina hasira, na linampa kicheko.

Sheria za Parkinson usizihamishie kila mahali. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo wa aina inayomsokota mwili, ambayo mara nyingine hutokana na manjano kali ya siku za mwanzo wa uhai, ukimnyoosha kwa nguvu unamchochea asokotwe zaidi. Kwake kazi ni mkao: kiti kinachomshika nyonga, kichwa katikati, mikono ipate kufanya kitu. Mwenye shingo inayojipinda nimemwona akigusa kidevu kwa kidole kimoja na shingo ikatulia, bila nguvu yoyote, kwa sababu ule mguso unaukumbusha ubongo kitu. Hayo yanataka makala yake.

Mazoezi hayaurudishi ugonjwa nyuma. Nawaambia watu hivyo siku ya kwanza, na wengine hawaniiti tena. Wanaobaki, baada ya miaka, wanafika mahali ambapo kutembea kunakwisha, na hapo ndipo simu huja: "Dokta, usijisumbue tena, mzee sasa ni wa kitandani." Huwa nakwenda siku hiyohiyo. Kitandani kuna kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze, na kuna namna ya kumgeuza bila mke wake kuvunja mgongo: goti likunjwe kwanza, bega na nyonga viende pamoja, shuka liwe la kitambaa kinachoteleza. Kuna kula akiwa ameketi wima, kidevu chini, uji uwe mzito kidogo, asilazwe mara tu baada ya kula. Kuna kifua kufunguliwa ili akohoe. Kuna vidole kunyooshwa visikunjamane kiganjani. Na mke, ambaye amehesabu moja mbili miaka yote hii, anatakiwa apate wa kumpokea zamu. Hilo nalizungumza na watoto wote wakiwepo, hata yule wa nje ya nchi, kwa simu iliyowekwa sauti kubwa juu ya meza.